Katuni ya Baba Kwenye Foleni ya Malori

Baba alichora katuni za gazeti tangu kabla sijazaliwa, kwanza Dar es Salaam, halafu, baada ya kustaafu, kutoka sebuleni kwetu Tunduma. Kila wiki, kabla ya kutuma mchoro, aliupeleka kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia. Alifunika maneno kwa kiganja, akamwonyesha dereva yeyote. Dereva akicheka, mchoro unakwenda gazetini. Asipocheka, baba anarudi kuchora mwingine.

Nilipomaliza chuo nilimuuliza katuni zake zimepunguza nini. Rushwa? Foleni?

"Hazijapunguza kitu," alisema, akaendelea kuchonga penseli. Nilitaka abishe.

Mwaka huu alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mhariri, kijana wa rika langu, akampigia simu: mchoro wa wiki hiyo usipochekesha, nafasi yake itapewa tangazo.

Tulikwenda wote barabarani. Alikuwa amechora kiongozi akikata utepe wa barabara mpya, na madereva waliochoka kungoja wameanika nguo zao kwenye utepe huohuo. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mistari ilitetemeka, na uso wa kiongozi ulikuwa umeingia ndani ya shati lililoanikwa.

Dereva mmoja Mzambia alikuwa akisonga nshima, ugali wa kwao, kando ya tairi.

"Mwapoleni, tata," alimsalimia baba kwa Kibemba, akimwita mzazi.

Baba aliitikia, akafunika maneno, akanyoosha karatasi. Dereva aliitazama. Kisha akamtazama baba, aliyekuwa akitiririkwa na jasho, akikaza macho yake yenye ukungu. Ndipo akacheka, kicheko kirefu cha adabu.

"Nzuri sana, tata. Karibu nshima."

Tuliposogea mbele kidogo baba aliuliza, "Amecheka?"

"Amecheka."

"Alikuwa anaangalia wapi?"

Sikuona sababu ya kudanganya. Sikuona sababu ya kusema kweli pia.

"Alikuwa anakuangalia wewe."

"Haya."

Alinipa simu nimtafutie namba ya mhariri. Akamwambia waweke tangazo. Mhariri alishukuru upesi, akamtakia afya njema. Njiani nilijaribu kuhuzunika, ikawa kama kusubiri chafya isiyokuja.

Gazeti lilipotoka, baba alitaka nimsomee ukurasa wake. Lilikuwa tangazo la magodoro. Nikasoma lote.

"Wamelichora hilo godoro?"

"Wamepiga picha."

"Limekaaje?"

"Kama godoro, baba."

Akatikisa kichwa, akaniomba nimsomee habari za michezo.