Kwenda Likasi Kumwona Fundi wa Ndoo za Matairi

Kisa cha kwenda Likasi kilikuwa ndoo. Mke wangu, Mado, aliinunua huko, ndoo ya kuchotea maji kisimani iliyotengenezwa kwa tairi kuukuu, na siku tatu mfululizo nyumbani hakukuwa na habari nyingine: mikono ya fundi Ilunga, akili ya fundi Ilunga. Mimi ni kwado, mziba pancha wa barabarani hapa Kapolowe. Nyuma ya nyumba nilikuwa na rundo zima la matairi, na hakuna aliyewahi kunisifu.

Alfajiri, Mado akiwa kwenye maombi, nililitia moto. Nilijidai nataka nyaya za ndani niuze, kama tunavyofanya makwado wengi. Uongo mtupu. Niliogopa atampelekea fundi wake matairi yangu. Moshi mweusi ukatanda juu ya paa za majirani, nikapanda teksi-basi.

Njia nzima nilimwona Ilunga kichwani: kijana, shati la pasi, meno yote yapo. Abiria wa pembeni alinisimulia habari za mihogo yake, sikusikia hata neno.

Likasi nilifika kabla ya saa sita. Ilunga alikuwa na kipara na amenizidi umri, nikashusha pumzi. Kisha nikamtazama akifanya kazi, wivu ukapanda upya. Analowesha kisu kwa maji, kinapita kwenye mpira bila kukwama. Hapa ndoo, pale soli za viatu, mabaki kamba za kufungia mizigo ya baiskeli. Nyaya anazichomoa kwa koleo. Hachomi kitu.

"Weye ni kwado ya Kapolowe?" aliniuliza nilipomwambia nilikotoka. "Bibi yako aliniomba nikupatie nafasi hapa. Alisema weye unajua hizi pneu za gari kuliko minye mwenyewe."

"Mado alisema vile?"

"Ndiyo, papa. Leta pneu zako zote, tutatumika kazi pamoja."

Niliaga kwa aibu.

Jioni, Kapolowe, rundo lilikuwa bado linafuka. Mado alikuwa nje, mtoto wetu anakohoa mapajani, nguo alizofua zimejaa masizi.

"Nani aliwasha?"

"Ni minye. Juu ya wivu."

Alimfuta mtoto masizi usoni.

"Kesho utapita kwa kila kwado, utaomba pneu za zamani. Wakikuuliza zako ziko wapi, utasema vile umeniambia minye."

Nimeshapita kwa watatu. Wa kwanza alicheka mpaka akaangusha pampu. Wa pili naye alicheka. Wa tatu alikuwa ameshika kiberiti mbele ya rundo lake la matairi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakirudisha mfukoni.