Kimya cha Mama Kanda

Kila wimbo ule ulipofika mahali pake pa kimya, Mama Kanda aliinua uso, akatazama mlangoni, na midomo yake ikacheza bila sauti. Hakuiacha tabia hiyo hata siku moja. Awe na mteja mbele yake, awe ameuma bisibisi huku matumbo ya redio yametapakaa mezani, ataitoa kwanza bisibisi, atasema maneno yake yasiyosikika, kisha ataendelea na kazi kana kwamba amepiga chafya tu.

Kimya chenyewe hakikuzidi sekunde mbili. Ngoma zikirudi, naye amekwisha rudi.

Binti yake, ambaye wateja walimwita Kanda Mdogo, alijaribu tangu utotoni kuisoma midomo ile. Alijibanza chini ya kaunta, akachungulia kwa pembeni, akasimama mlangoni makusudi ili atazamwe yeye. Alipokuwa na miaka saba macho ya mama yake yalimtua usoni sawasawa, na mwaka ule mzima aliona raha. Kisha akarefuka. Macho yakabaki palepale, yakimtazama shingoni, halafu kifuani, kimo kilekile cha mtu mwingine.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kaunta ya mbao ilikuwa imelika pale viwiko vilipozoea kukaa; nyuma yake kulikuwa na rafu za kanda hadi darini, na nyuma ya rafu pazia, na nyuma ya pazia vyumba viwili vya kulala. Enzi hizo mtu alikuja na kanda tupu na karatasi ya nyimbo azitakazo, akaiacha asubuhi, jioni akaichukua imejaa. Nusu ya mapenzi ya mji ule yalianzia kwenye kaunta ile, na fundi cherehani wa jirani alipenda kusema kwamba nusu ya talaka pia.

Wimbo ulikuja mwaka wa surua. Bendi moja iliyopendwa kwa nyimbo za mahaba ilitunga wimbo wa kuwahimiza akina mama wapeleke watoto kuchanjwa, na redio ikautangaza kwamba utapigwa baada ya habari za saa kumi. Kliniki ilikuwa imeagiza nakala thelathini kwa ajili ya gari lao la vipaza sauti. Mama Kanda hakuwa bado na mashine ya kunasa kwa waya. Aliweka kinasa sauti mbele ya redio, akabonyeza vitufe viwili, akakaa kimya. Mtoto wa nyumba ile alijua sheria: taa nyekundu ikiwaka, hata kupumua ni kwa ruhusa.

Mtoto alikuwa mmoja wakati huo, msichana wa darasa la pili. Siku ile mwalimu alimwona ana homa akamruhusu aende nyumbani. Aliingia dukani ubeti wa pili ukiwa unaisha, kabla ya kiitikio, akasema, "Mama, nimerudi."

Sauti ile ikanaswa. Na mara tu baada yake, kimya: wimbo unazama sekunde mbili, halafu ngoma zinaibuka. Watu walipouliza, Mama Kanda alijibu kwamba kanda ilitafunwa na mashine.

Msichana alifariki siku ya nne. Hakuwa amechanjwa. Mama yake alikuwa ameahirisha mara mbili, akisema amalize kwanza kazi iliyo mezani.

Wiki mbili baada ya mazishi nesi wa kliniki alisimama kwenye kaunta, anatazama vidole vyake, anaona aibu kuuliza. Mama Kanda akaiweka kanda na kumpigia. "Ninayo hii tu," akasema. "Ina sauti ya mtoto ndani."

Nesi alisikiliza hadi mwisho. "Iache ilivyo," akasema. "Akina mama watatoka."

Wakatoka kweli. Gari lilipopita mitaani, wanawake waliacha sufuria jikoni na milango wazi, kila mmoja akidhani ni wake anayemwita. Foleni ya chanjo ililizunguka jengo la kliniki. Na kwa kuwa kanda zote za wimbo ule mjini zilizaliwa na kanda mama ya duka lile, mji mzima uliujua hivyo tu: ubeti wa pili, sauti ya mtoto, kimya, ngoma. Kwaya za shule ziliuimba hivyo, na mtoto mmoja akiteuliwa kusema yale maneno. Kwenye sherehe wachezaji walisimama mguu mmoja hewani, ukumbi ukawa kama picha, kisha wakaendelea kucheka na kutoka jasho. Malori yaliandikwa "Mama, nimerudi" kwenye bodi la nyuma. Bendi yenyewe ilipofika mjini baada ya miaka mingi, wakitaka kuuimba kama walivyoutunga, ukumbi uliitikia kwa sauti moja ya kitoto, ukanyamaza. Fimbo ya mpiga ngoma ilibaki juu. Mwimbaji aligeuka akatazama mlango.

"Mguu wangu una akili kuliko mimi," fundi cherehani alikuwa akisema. "Wimbo ukifika pale, unaacha pedali wenyewe."

"Na ulimi wako utaacha lini?" Mama Kanda alimjibu.

"Siku nikifa, shoga. Na hapo pia mtanisikia."

Kisha kulikuwa na ukuta wa kliniki. Mchoraji wa mabango, kijana aliyehamia kutoka mbali, alipewa kazi ya kuuchora wimbo. Akachora msichana mwenye sare za shule kwenye mlango ulio nusu wazi, soksi moja imepanda hadi gotini, nyingine imemwagikia kiatuni. Mama Kanda alikwenda kuuona, akasimama kwenye jua muda mrefu.

"Nani alikwambia habari ya soksi?" akamuuliza.

"Hakuna, mama. Nimechora nilivyosikia."

Kanda Mdogo alizaliwa miaka miwili baada ya dada yake kuzikwa. Alichanjwa chanjo zote, nyingine kabla ya siku yake. Alilelewa vizuri, alikula vizuri, alisomeshwa. Jambo moja tu hakuruhusiwa: kuingia nyumbani na kusema amerudi. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Siku ya kwanza ya shule alipolisema, mama yake alidondosha kikombe, na hakuna aliyelitaja tena. Tangu hapo akawa anapiga hodi. Miaka arobaini alipiga hodi kwenye mlango wa kwao kama mgeni, na kujibiwa "Karibu" kama mgeni.

Sasa Mama Kanda alikuwa amezeeka, moyo umechoka na miguu imevimba, na duka lilikuwa mikononi mwa binti, ambaye alitengeneza simu na kuwahamishia watu kanda zao za zamani. Kliniki ilikuwa inafungua wodi mpya ya watoto. Nesi mkuu aliutaka wimbo, safi, wa kupigwa siku ile na kutumwa kwenye simu hadi miji mingine, ambako surua ilikuwa imeanza tena kuua. Nakala zilizokuwepo zilikuwa zimechakaa, na kanda mama nayo ilikwisha kuanza kuacha unga wa kahawia kwenye mashine.

Binti aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mama, ile kanda ikikatika, dada ndiyo basi tena."

"Kwani sasa yuko wapi?" mama akauliza, na kwa namna alivyouliza, binti aligeuka akatazama pazia.

"Niipeleke redioni. Wana fundi wa sauti."

Mama Kanda akaingiza mkono chini ya mto akaitoa. "Pale penye kimya pasiguswe."

"Si ulisema ilitafunwa?"

"Hata kilichotafunwa huachwa kilivyo."

Kwa hiyo Kanda Mdogo alibeba vitu viwili: sauti ya dada, ambayo alitaka kuiokoa, na hamu ya kujua, kabla mama hajamwacha, ni nini kilichokuwa ndani ya sekunde zile mbili, ambazo zilikuwa zimemnyima yeye mama yake maisha yake yote.

Chumba cha fundi wa sauti kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa trei za mayai, hewa haisogei. Alikuwa mtu wa makamo, mcheshi. "Mimi nilichanjwa kwa wimbo huu," alisema. "Mama yangu alitoka na taulo." Akaipitisha kanda mara moja tu, kwa uangalifu, kisha akawa anatazama mistari kwenye kompyuta. Alipofika pale, mistari ililala. Akasogeza uso karibu. Ucheshi ukamtoka.

"Dada, hapa hapakutafunwa. Hapa pamefutwa."

"Pamefutwa?"

"Mtu amebonyeza kitufe cha kunasa juu yake, bila kunasa kitu. Lakini mashine zile za bei rahisi zilikuwa hazifuti sawasawa. Zinafunika tu." Akampa vipokea sauti. "Hapa kuna watu."

Akavivaa. Mwanzo ulikuwa mvumo, kama mvua juu ya bati la mbali. Fundi akapandisha. Ndani ya mvumo sauti ya mwanamke ikaja, kijana, kali, ya mtu anayenong'ona kwa hasira: "Shh! Nyamaza we mtoto, narekodi!" Kisha, chini kabisa, mahali ambapo sikio halina hakika tena, ile sauti nyingine. Mji mzima ulidhani iliwahi kusema maneno mawili tu.

"Haya, Mama."

Na miguu midogo ikisogea kuelekea nyuma ya pazia.

Kanda Mdogo hakuvua vipokea sauti mara moja. Fundi alikuwa amejishika mikono kama mtu anayesikia baridi. "Naweza kuipandisha ikasikika wazi," alisema polepole. "Au nizibe kwa muziki, hakuna atakayejua."

"Iache. Kimya kibaki kilivyo."

"Na hii niliyoisikia?"

"Umeisikia wewe na mimi. Inatosha."

Alirudi kwa miguu, kanda ndani ya mkoba, jua la alasiri likimpiga mgongoni. Alipita ukuta wa kliniki. Rangi ilikuwa imebanduka usoni mwa msichana, lakini soksi zilikuwepo. Mtaani kwao cherehani ya jirani ilikuwa kimya, fundi mwenyewe amekaa na mguu juu ya pedali, anamtazama bila utani wowote. Saa ilikuwa kumi na dakika chache.

Akaingia dukani, akazunguka kaunta, akafika penye pazia. Neno "hodi" lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza. Akasogeza pazia, na pale kizingitini akapiga magoti, mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, hadi uso wake ukafika kile kimo.

"Mama," akasema, "nimerudi."

Mama Kanda aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Macho yake yalikuja mlangoni, yakatua mahali yalipotua siku zote, na safari hii palikuwa na uso. Midomo ikacheza vilevile, kwa muda uleule wa sekunde mbili, ila sasa ilikuwa na sauti. Kanda Mdogo hakuwahi kujua kwa hakika aliyekuwa anajibiwa. Baada ya hapo mama yake hakusema tena neno lolote, na kesho yake kabla ya saa nne asubuhi alikuwa amekwenda.

"Ingia, mwanangu," alikuwa amesema alasiri ile. "Sirekodi kitu."