Jina Ambalo Mama Hakulitaka

Binti yetu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha saruji huko Athi River. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na hilo halijadiliwi. Kwa hiyo muuguzi alipoleta fomu wodini, nilimwandikisha Wayua kabla mke wangu hajamaliza uji wake.

"Si tungengoja kidogo?" mke wangu aliuliza. "Labda susu yake, mama yako, ako na neno."

"Neno gani? Atafurahi."

Muuguzi alinitaka nilitamke jina herufi kwa herufi, na yeye mwenyewe alikuwa Mkamba. Hilo liliniudhi. Kwa Kikamba yua ni njaa, wala si ile ya kukosa chakula cha mchana. Ni njaa ya mwaka mzima, ng'ombe wakifa na watu wakihama. Msichana aliyezaliwa wakati huo aliitwa Wayua, kama vile aliyekuja na mvua alivyoitwa Mumbua. Nilipokuwa mdogo huko Mwala, ungesimama mtoni tulikochimba mchanga kutafuta maji, uite "Wayua", na wanawake watatu wangegeuka. Sasa kwenye vitanda vya wodi ile nilisikia Faith, Joy, Sharon na Joy mwingine. Niliona nimefanya jambo la maana, kuliokoa jina la mama lisipotee.

Wiki mbili baadaye nilienda Mwala kumpa habari. Nilimkuta uani akipepeta ndengu.

"Mama, umezaliwa tena," nilimwambia. "Tumempa mtoto jina lako."

Aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha. Kisha akaweka ungo chini.

"Badilisha," alisema.

Nilidhani ananitania. Nikamwambia tayari limeandikwa, na cheti kitatoka hivyo.

"Basi kama waliandika, watafuta. Hilo jina liishie kwangu."

"Kwa nini?"

"Mchungaji alisema majina mengine yana mzigo."

Nilirudi Athi River nikiwa nimefura. Miaka ile wahubiri wengi walikuwa wakiyasema vibaya majina yetu ya zamani, kwamba ukimwita mtoto njaa unaialika njaa, na nilijua watu wazima waliobatizwa upya wakatoka majini na majina mapya. Jumapili iliyofuata nilirudi Mwala kwa ajili ya mchungaji tu. Nilimngoja nje ya kanisa lao la mabati, nikamuuliza kwa nini anawafundisha akina mama kuyachukia majina yao. Alikuwa mtu mpole, mdogo kuliko mimi.

"Mimi sijawahi kulitaja jina la mama yako," aliniambia. "Yeye ndiye alinifuata akaniuliza kama jina linaweza kufa na mtu. Nikamwambia sijui."

Nilimuaga nikaenda nyumbani. Mama nilimuuliza tena siku hiyohiyo, akaniambia ndengu zinataka kuanikwa.

Hakumkataa mtoto. Tulipompeleka alimwogesha, akamfunga mgongoni, akamwimbia. Lakini alimwita "mtoto". Mtoto amelala. Mtoto ametapika. Alipoanza kutembea alikuwa bado "mtoto", na mimi kila nilipomwita kwa jina lake mbele ya mama, mama alitafuta kazi jikoni. Mwishowe mke wangu alichoka.

"Libadilishe tupumue," alisema. "Unapigana na mama yako juu ya zawadi yake mwenyewe."

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda ofisi ya vyeti mjini Machakos. Karani aliniambia nilete hati ya kiapo. Nilipoileta, akataka barua ya chifu. Nilipoleta barua ya chifu, faili ilikuwa haionekani, na karani wa siku hiyo alikuwa mwingine, aliyeanza kunihoji upya.

"Unataka kuondoa jina la mama yako? Mmekosana?"

"Hatujakosana."

"Sasa unaliondoa kwa nini?"

Foleni nyuma yangu ilikuwa inasikiliza. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikusanya karatasi zangu nikatoka, na sikurudi.

Aliyenifungua macho ni dada wa mama yake mama, mdogo kuliko mama kwa umri ingawa ni mama yake mdogo, aliyekuwa akiuza mahindi na maharagwe sokoni Mitaboni. Nilipita kumsalimu tu. Nikamlalamikia kuhusu mama na jina, naye akacheka.

"Si ni vile tulivyokuwa tukimsumbua," alisema. "Aliletwa kwetu akiwa mdogo, kwao kulikuwa na watoto wengi. Kila akiingia wakati wa kula, kaka zangu walifunika sufuria. 'Ficheni chakula, Wayua amefika!' Sisi wote tunacheka. Hata baba alikuwa anacheka."

"Na yeye?"

"Alikuwa anacheka pia." Kisha bibi huyo akaacha kucheka. Akachota maharagwe kwa kikopo, akayarudisha guniani. "Halafu akawa anangoja nje mpaka tumalize."

Nilienda kwa mama kumwambia kwamba sasa nimeelewa. Sikufika mbali.

"Nani amekuambia?"

Nilipomtaja mama yake mdogo, aliinuka akaenda kufungulia mbuzi, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikasirika tena. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na hata huo hakunipa nafasi ya kuuomba.

Miaka ikapita. Binti yangu alipokuwa darasa la tatu, mama alikuja kukaa nasi Athi River wiki kadhaa kwa matibabu ya macho. Siku moja tukila chakula cha mchana, mtoto alitoa daftari.

"Susu, mwalimu amesema tuulize maana ya majina yetu. Wewe ulizaliwa wakati wa njaa gani?"

Mimi na mke wangu tuliacha kutafuna. Mama alijifuta mikono.

"Mimi sikuzaliwa njaa," alisema. "Mwaka niliozaliwa mahindi yalioza shambani kwa wingi. Jina lilikuwa la susu yangu mimi. Yeye ndiye alizaliwa njaa. Mimi nilipewa tu, kwa sababu nilikuwa msichana wa kwanza."

"Kwa hivyo haikuwa njaa yako?"

"Haikuwa yangu. Lakini watu hawaulizi ni ya nani. Walinicheka miaka sita kwa njaa ambayo sikuiona."

Mtoto aliandika yote hayo polepole, akiuliza namna ya kuandika "yalioza".

Mimi nilikuwa nimeingoja habari hiyo kwa miaka minane. "Mama," nilisema, "mbona mimi hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza lini? Ulikuja kuniambia. Jina lilikuwa limeshaandikwa."

Nilitaka kujibu kwamba nilimuuliza, tena zaidi ya mara moja. Nilikuwa nimemuuliza kweli, lakini kila mara nilikuwa na hasira, na kila mara baada ya fomu. Nikaendelea kula.

Kesho yake daftari lilirudi. Mwalimu alikuwa amekata jibu lote kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: aliyezaliwa wakati wa njaa. Nilivaa viatu niende shuleni. Mama alisema niache, kwamba hata angejibu yeye mwenyewe, jibu lake wangelikata. Mtoto hakuonekana kujali. Alikuwa Wayua peke yake shule nzima, na alisema ndani ya darasa lao kuna akina Faith wanne ambao mwalimu huwaita kwa namba.

"Ukitaka tulibadilishe, nitaenda tena mjini," nilimwambia.

"Susu alisema amenipa," alijibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia hivyo. Sikuambiwa walizungumza lini.

Mama alirudi Mwala akiona vizuri zaidi. Mwezi uliofuata alipiga simu kwa rununu ya jirani yake. Nilimsalimu, nikaanza kumuuliza habari za macho.

"Mazuri," alisema. "Hebu nipe Wayua."

Nikampa. Walizungumza kwa muda mrefu, mtoto akicheka na kuitikia, huku mimi nimesimama hapo. Niliponyoosha mkono ili nami niongee naye, simu ilikuwa imekatwa.