Kidole cha Mwalimu Hoza

Redio ya chama chetu ilitaja jina la baba yangu, ikasema anasikitika kutangaza kifo, kisha ikakatika kabla ya kusema kifo cha nani. Hadi leo nikinusa utomvu wa msonobari unaoungua, ukimya ule hunirudia masikioni.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ya chama chetu cha redio, shuleni Korogwe, miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Dawa ya kuungia nyaya haikupatikana madukani, hivyo Mwalimu Hoza, aliyetufundisha fizikia, alileta utomvu kutoka milimani kwao Dindira. Tulipasha kipande cha nondo kwenye mkaa, tukakichovya katika utomvu, tukayeyushia madini ya risasi kwenye nyaya. Nilikuwa msichana pekee, na Mbwana, jirani yangu mezani, hakunipumzisha.

"Fundi sufuria, huo waya unauunga au unaukaanga?"

"Naukaanga. Leta ugali."

Nilivumilia kwa sababu nilikuwa na haja yangu. Likizo iliyopita nilimwacha mama kitandani, miguu imevimba. Watu wa kwetu, ndani huko kutoka Kabuku, wilaya ya Handeni, walikuwa wameamriwa kuhama, na hakuna aliyejua atapangiwa kijiji gani. Baba alinisindikiza hadi barabarani. "Barua hazitajua tulipo," alisema. "Likitokea jambo, nitakuita kwa redio." Redio ya shule ilikuwa mbovu. Nikajiunga na chama.

Alasiri tulipoiwasha redio, betri zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi, kama kila nyumba ilivyofanya, tukiamini jua huzirudishia nguvu. Tulizipanga ndani ya mwanzi. Waya mmoja niliuunga mimi. Wa pili Mwalimu aliubana kwa kidole gumba kwenye betri ya mwisho. Redio ikakohoa, ikasema. "Imeiva," Mbwana akanong'ona, tukacheka. Matangazo ya vifo yakaanza.

"Ndugu Rajabu Semkande wa Handeni anasikitika kutangaza kifo cha..."

Kimya. Mwalimu aliutazama mwanzi mkononi mwake. "Betri zimekwisha," alisema.

"Mwalimu, huyo ni baba. Jaribu tena."

"Zimekwisha, binti. Huko nyumbani kuna mgonjwa. Kesho nenda kaangalie."

Nilikimbia hadi madukani Manundu, nikauliza duka baada ya duka nani amesikia matangazo. Mwenye duka mmoja alikuwa na redio. "Wamesoma wengi," alisema. "Huyo wa Handeni nimemsikia, ila jina la marehemu na la kijiji sikuyashika. Pole, mwanangu." Njia nzima ya kurudi nilihesabu watu wa nyumbani, nikichagua nani afe ili mama apone. Nilimtoa bibi. Nikamrudisha. Nikamtoa tena.

Asubuhi nilipanda lori hadi Kabuku, nikatembea hadi nyumbani. Paa zilikuwa zimeezuliwa. Jikoni kwa mama mafiga yalikuwepo, sufuria hazikuwepo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Wafugaji niliowakuta njiani walinyoosha mikono pande tofauti, kila mmoja kwa nia njema. Nilienda kijiji cha kwanza, sicho. Cha pili, sicho. Nilipokipata chetu, siku ya tatu ya msiba, watu walikuwa wanakunja mikeka ya matanga. Baba alikuwa amechelewesha mazishi ya mama hadi karibu na magharibi ya siku ile niliyosafiri, jambo lisilozoeleka kwetu, akitazama njia. Kijiji kilikuwa kimetajwa redioni.

Kwa miaka mingi nililaumu betri. Kisha nikawa fundi redio, nikajua kwamba betri inayokufa hufa kwa kunong'ona: sauti hufifia, hukwaruza, hupotea. Ile yetu ilikatika kama uzi. Kinachokata hivyo ni kiungo kibaya, na kiungo kilikuwa changu. Au ni kidole kilichoinuliwa. Kwetu mtu hatupiwi habari ya msiba. Huambiwa mgonjwa amezidiwa, akafikishwa nyumbani, wazee wakamkalisha ndipo wakamwambia. Mwalimu alilelewa hivyo, nami pia, na jina la baba alilijua: aliliita baada ya langu kila asubuhi darasani.

Nilimtembelea Manundu alipokuwa amestaafu. Nilimwamkia, nikamuuliza waziwazi kama aliinua kidole.

"Uliwakuta wameshazika?" aliniuliza.

"Walishazika, Mwalimu."

Alijisugua kidole gumba kwa pindo la shati. Kisha akamwita mkewe alete chai, akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Mwaka uliofuata alifariki. Redio ile iliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla sijaifungua kutazama kiungo changu.