Sufuria Zilizorudi Norsborg

Wanaume wetu wakikutana, hata kama ni msibani, nusu saa haiishi kabla hawajairudia ile timu. Jumamosi iliyopita ilikuwa Vällingby, kwenye ukumbi tuliokodi kwa ajili ya binti wa kipa wetu wa zamani, aliyemaliza sekondari na kuvaa ile kofia nyeupe ya wahitimu wa huku Uswidi. Wali haujapoa, mzee mmoja wa Bukavu akaanza, "Munamukumbuka ule winga yetu?" Nani asimkumbuke? Mimi nilikuwa napakua chakula. Nilijua kinachokuja, nikainamia sufuria.

Ilikuwa timu ya watu wetu: Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda wachache, na beki mmoja Mkenya aliyegombana na kila mtu kwa Kiingereza. Kila kiangazi walicheza mashindano ya timu za wageni kwenye uwanja wa Bredäng. Siku za kazi walikuwa wafagiaji, madereva wa basi, watunza wagonjwa. Jumapili baada ya ibada walikuwa kitu kingine kabisa. Winga alikuwa mwembamba, soksi zimemshuka, na mpira ukimfika mguu wa kushoto sisi wa kando tulinyamaza, maana tulijua kuna mtu ataaibika. Sijaona tena mpira kama ule, na televisheni ninayo. Waswidi waliopita na mbwa wao walisimama kutazama. Lakini kombe hawakuchukua hata moja, hata lile dogo la nidhamu, kwa sababu ya yule Mkenya.

Mimi nilikuwa mpishi wao. Hakuna aliyeniteua, nilianza siku moja, basi ikawa kazi yangu. Chakula kilikuwa baada ya mechi: sombe ya majani ya muhogo, maharage, ugali, na kama ni fainali, mbuzi. Nilipika nyumbani kwangu Norsborg, nikazipanga sufuria kwenye kigari cha mtoto ambacho binti yangu hakukihitaji tena, nikapanda treni hadi Bredäng.

Fainali ya kwanza wakafungwa. Hakuna aliyekula. Mtu ametoka kulia, utamwambia karibu ugali? Wakaondoka mmoja mmoja na mabegi yao, nami nikarudi na sufuria zimejaa. Mwaka uliofuata wakafika fainali tena, wakafungwa kwa penalti, na sufuria zikarudi vilevile. Kigari kilikwama mlangoni mwa treni, harufu ya mbuzi ikajaa behewa zima, na binti yangu akahamia kiti cha mbali akajifanya hanijui. Nililia waziwazi. Nimekulia kambini, nikipanga foleni na kikombe kwa ajili ya unga, na sijui mpaka leo namna ya kutazama chakula kikirudi bila kuguswa.

Mwaka wa tatu nikaapa: safari hii watakula kwanza. Siku ya fainali nilifika mechi ikiwa imebakiza kama saa moja kuanza, nikatandika kanga kwenye benchi, nikapakua. Niliwasimamia kama askari. "Ongeza," nikamwambia winga, "umekonda mno." Akaongeza.

Kipindi cha kwanza tuliongoza kwa bao moja, nami nikaanza kuimba. Kipindi cha pili nikaona miguu ya winga imekuwa ya mtu mwingine. Alipata mpira, akamwacha mtu mmoja, halafu akasimama, mkono ubavuni. Wakaturudishia mabao mawili. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, viazi napima kwa gramu, na najua ugali na mbuzi vinamfanya nini mtu anayetakiwa kukimbia. Nilijua papo hapo, nimesimama pale kando na mwiko mkononi.

Timu haikufika kiangazi kingine. Mmoja alipata kazi Malmö, mwingine magoti yalimgomea, winga akahamia Kanada. Tangu hapo, kila wanapokutana, nasikia lawama za refa, za mvua, za nyasi za plastiki, hata za shetani. Ugali hautajwi. Na mimi nimenyamaza miaka yote hii nikijiuliza kama hawajui, au wanajua na wananionea huruma. Nazikumbuka zile Jumapili mpaka kifua kinauma, halafu naikumbuka sahani ile ya pili ya winga, na utamu wote unaharibika.

Basi Jumamosi yule mzee alipofikia kumlaumu refa, sikuweza tena. Binti yangu, ambaye sasa ni mama wa mtu, aliuona uso wangu akanong'ona, "Mamma, inte nu," yaani nisianze sasa. Nikaanza.

"Haikuwa refa," nikasema. "Ulikuwa ugali wangu. Niliwalisha mimi, wakashindwa kukimbia."

Kipa, mwenye shughuli, akaja na kitambi chake akaniondolea mwiko mkononi.

"Mama, tulijuaka."

"Mlijua nini?"

"Siye bote. Kapiteni alituambia tangu asubuhi, mutu asikule mbele ya match. Kisha tukakuona unatoka mu metro, unasukuma ile poussette ya mutoto. Winga akasema, zile sufuria zilirudiaka Norsborg mara mbili, leo hazirudi. Tukakubaliana, tukakula."

Mtu angedhani nilifarijika. Nilipandwa na hasira! Mtoto wa watu, mwenye mguu ule, ambaye hakuwahi kuvaa hata medali ya bati, alimaliza sahani mbili huku akijua.

"Wajinga nyinyi!" nikawaambia. "Nani aliwaambia nilitaka mle? Nilitaka kombe! Ningezisukuma zile sufuria kwa miguu hadi Norsborg, zimejaa, mvua inanyesha, mradi nyinyi mbebe kombe!"

Hakuna aliyecheka. Yule mzee alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha karatasi.

"Ule mwaka wa pili," kipa akasema taratibu, "winga alikuwa nyuma yako mu train. Behewa moja na wewe. Alikuona vile ulikuwa unalia."

Nikakaa chini. Siku zote nilidhani ni binti yangu peke yake aliyeniona. Binti yangu naye alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sahani chafu, ananitazama.

Kipa akatoa simu, akampigia winga, akanipa. Kanada ilikuwa bado asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, na baada ya hapo kumwomba msamaha, na baada ya hapo sijui nini. Akapokea. "Allô?" Sauti ilikuwa ileile, sauti ya kijana mwenye soksi zilizoshuka, na maneno yote niliyoyapanga yakanipotea.

Nikamwuliza kama ameshakula.