Mjomba Aliyeitwa kwa Ngoma

Mjomba wangu wa Ipole, mdogo wake mama, alipoteza usikivu utotoni kwa homa, na maneno yakaondoka pamoja nao. Watoto wa kijiji walimwita Bubu. Yeye aliona midomo yao tu, akawatolea ulimi, wakakimbia wakicheka. Alioa, akazaa, akalima tumbaku, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa mikono yake. Kwenye arusi alivua viatu ili ngoma impande kwa nyayo, na wachache walimfikia kwa kucheza.

Mimi niliacha shule darasa la sita nikaanza kuzurura. Nimelala Kanyenye, Urambo, Kaliua, hadi Ujiji, kwa sababu tu nilitaka kujua kilichoko mbele. Kila nilipopita Ipole nilimwamkia mjomba kwa kuinamisha kichwa. Alinigusa utosi, kisha akatembeza vidole viwili hewani: safari hii unatoka wapi?

Kazi aliyoipenda ni nyuki. Alilaza shavu kwenye gome la mzinga, akafumba macho, akajua kama wamo. Mama hakupenda. "Msitu ule utamchukua," alisema, na kila msimu wa asali aliacha kula vizuri.

Warina asali wakiwa kambini huachana asubuhi, kila mmoja na mizinga yake, halafu huitana mchana kutwa. Huyu anapiga ukelele, yule anaitikia kutoka mbali. Anayenyamaza hutafutwa. Mjomba alikuwa amenyamaza siku zote, kwa hiyo sharti lake lilikuwa kurudi kambini jua likiwa bado juu. Miaka yote alirudi.

Mwaka ule msitu ulikauka mpaka majani yalivunjika kama ganda la yai. Nilifika Ipole nikaambiwa mjomba amelala porini na hajaonekana. Nikaungana na wanaume waliokuwa wanakwenda kambini. Tulibeba ngoma, filimbi na debe tupu. Tuliita mpaka koo zikauma. Tukinyamaza, msitu nao ulinyamaza. Hata ndege hakulia. Upande wa mbuga tai walikuwa wanazunguka, na hakuna aliyewanyooshea kidole.

Mchana mke wa mjomba akatufikia kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Mnamwita nani?"

"Mumeo, shemeji. Tunampigia ngoma tangu alfajiri."

"Atawasikia kwa kiungo gani?"

Mpiga ngoma akashusha fimbo zake taratibu. Tulimjua mtu yule tangu utoto, na bado tulikuwa tumemtafuta kama tunavyomtafuta yeyote.

Mke wake akaanza kukusanya nyasi juu ya kichuguu. Mmoja wetu akamshika mkono. "Shemeji, tutauchoma msitu, naye yumo ndani."

"Kateni matawi, simameni kuzunguka," akasema, akawasha kiberiti.

Akafunika moto kwa majani mabichi. Moshi ukapanda mnene, mweupe. Tulisimama na matawi, tukipiga kila cheche, tukitazama mbuga. Upepo ukabadilika mara mbili. Tai walishuka chini zaidi.

Kisha nyasi zikatikisika. Alikuja akitambaa, mguu mmoja ukiburutwa nyuma, mfupa umetoka. Alikuwa ameanguka kutoka mtini pamoja na mzinga wake. Niliifuata alama yake kwenye vumbi: kabla ya kuuona moshi alikuwa anatambaa kwenda mbali nasi, wakati sisi tunapiga ngoma nyuma yake.

Nyumbani aliniuliza kwa mikono mbona tulichelewa. Nikamwonyesha: midomo wazi, ngoma, filimbi. Alinitazama, akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. Siku zilizofuata mguu ukaoza, na dawa za hospitali hazikuufikia uozo. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa kisa kile: mjomba akipanua mdomo, akipiga ngoma hewani, kisha akiweka kiganja nyuma ya sikio lake na kungoja. Wageni walicheka, wakatoka nje wakifuta macho. Alikirudia hivyo mpaka jioni ambayo homa haikumwacha ainue mikono. Mke wake akaiinua kwa niaba yake, akamalizia.