Tofali Moja Yenye Ilikataa Kugawanyika

Mpaka leo nikisikia mutoto anahesabu kwa sauti, naondoka pale, basi bora niwaelezee mwenyewe aibu yangu kuliko mungoje watu wa hapa Mikelenge wawape na chumvi yao. Ilikuwa wakati wa Zaire, Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote, na mimi njo nilikuwa mukubwa wa wamama (sauti nilikuwa nayo, masomo hapana), na kazi ilikuwa tubebe matofali mpaka kwenye nyumba mupya ya kuzalia mbele ya komisere wa serikali kufika. Mwalimu wa masomo alihesabu: elfu moja na tisa. Sisi tulikuwa vikundi saba. Nikagawa, ikabaki moja. Ningeibeba mimi mwenyewe kichwani, maneno yakaisha! Lakini hapana, nikasema hapa hakuna kikundi kitabeba kupita mwenzake.

“Mama,” mwalimu akaanza, “namba hii...”

“Nyamaza, baba. Hii kazi ya wamama.”

Nikapanga vikundi nane: moja ikabaki. Tisa: moja. Sita: moja tena, na jua limepanda, wamama wananung’unika, mimi nazunguka kama kuku anatafuta pa kutagia, mara nahamisha marundo, mara nachungulia barabara, na ile tofali iko pale tu inaniangalia. Nikawaza: hii si hesabu, iko muntu ameiloga. Na nani alichelewa kufika, na kapu kichwani? Mama Sifa, mukwe wangu, ambaye juma lililofuata kijana wake alikuwa aje kumuoa Zaina, kitinda mimba wangu.

“Mukwe, hii tofali umeitoa wapi? Kwenye kaburi?”

Mama Sifa akashusha kapu, akafunua: sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ya moto bado.

“Nilichelewa sababu ya kuwapikia. Kumbe mimi njo mulozi! Basi, Zaina wako abaki kwako.”

Sasa mwalimu hakungoja ruhusa. “Mama, ukitoa moja, zinagawanyika kwa mbili, tatu, ine, sita, saba, nane, tisa. Ukiirudisha, milango yote inafungwa: utabeba moja moja, ao zote pamoja. Namba imeumbwa vile. Hakuna muntu ameiloga.”

Na motokari ya komisere ikatukuta palepale, mimi nimepiga magoti mbele ya mukwe, katikati ya marundo.

“Huyu mama amefanya nini?”

“Tofali moja imemushinda, sitwayen komisere!” mumoja akapaza sauti, wakacheka mpaka ng’ambo ya mto nafikiri walisikia.

Juma zima sikukaa chini. Mulango ukilia, naruka, Zaina haniangalii. Siku ya siku wakaja watu wa Mama Sifa, na mbuzi, vikwembe vya kujifunga, nyimbo, na Mama Sifa akaniwekea mapajani kitu kizito kimefungwa vizuri. Nikafungua mbele ya wageni wote.

Tofali.

“Ile yenye ilibaki, mukwe,” akasema, na yeye njo alianza kucheka.

Leo iko jikoni kwangu, figa la tatu, sufuria haiyumbi. Na mimi, kitu kikibaki kimoja, siulizi cha nani. Nabeba.